Kanda Iliyokaa Sandukuni

Ndugu msomaji, mwezi wa Rajabu uliopita mke wangu alikuwa akitafuta hati ya kiwanja katika sanduku letu kuukuu, sanduku la mti aliloliacha marehemu mama, na chini kabisa, baina ya vitambaa na vyeti vya shule vya watoto, akakuta kanda moja ya kaseti. Aliniletea ukumbini akaniuliza kama ni ya mawaidha au ni ya taarabu. Nikaitazama nikaijua. Nikamwambia, "Irudishe ulipoitoa," lakini sikumpa. Nilikaa nayo mkononi mpaka adhana ya alasiri.

Haikuwa ya mawaidha wala ya taarabu. Ilikuwa ya Kimarekani, ya muziki wa makelele, nami niliitwaa kwa nguvu mwaka 1997 kutoka kwa mtoto wa ndugu yangu. Kisa chake sijapata kumsimulia mtu, na nachelea kwamba nikikikawiza tena nitakwenda nacho kaburini. Wanazuoni wameandika mengi juu ya hukumu ya muziki, na mwenye kutaka hukumu na awaendee wao. Mimi si mwanachuoni. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na ninayoyaandika hapa ni ya nyumbani mwangu.

Ndugu yangu mdogo alifariki kwa ajali ya gari katika njia ya Malindi mwishoni mwa mwaka 1996. Mwanawe mkubwa alikuwa na miaka 17, akisoma shule ya bweni huko bara. Tulipeleka habari kwa simu. Simu ikachelewa kumfikia, na basi nalo likachelewa, na maiti, kama tujuavyo sote, haingojeshwi. Tulimzika baada ya sala ya adhuhuri. Mtoto akafika magharibi, mfuko begani, akakuta majamvi yametandikwa barazani na watu wanasoma. Hakuuona uso wa baba yake. Nilimshika mkono nikampeleka makaburini, tukasimama katika giza nikamwonyesha udongo mbichi. Hakulia. Nalidhani ule ni uvumilivu, na siku zile za matanga nikawa namsifu kwa watu, "Mwaona mtoto yule alivyo mwanamume?"

Mama yake alikuwa katika eda, na wadogo zake wawili walikuwa naye. Yeye nikamchukua kwangu Kibokoni, nikamtafutia shule ya kutwa ili awe karibu. Alikuwa mtoto mtulivu mno. Alikula alichopewa, alisali tulipoambizana, akajifungia. Masikioni alikuwa na visikilizio vya redio ndogo ya kaseti, zile za kutembea nazo, na kanda aliyopewa na mwanafunzi mwenzake ambaye kaka yake alikuwa ng'ambo.

Usiku mmoja baada ya isha nalipita mlangoni pake nikamwona amelala chali gizani, na visikilizio vile vinatoa sauti nyembamba kama ya inzi walionaswa ndani ya chupa. Nilimwita mara mbili, hakusikia. Nikaingia nikamvua nikajivisha mwenyewe. Kanda ilikuwa mwanzoni. Nilichokisikia ni mtu anapigwa: kipigo juu ya kipigo, na vipigo vikienda vikiongezeka kasi, kisha ukuta mzima wa makelele ukaniporomokea masikioni, vyuma, mashine, na sauti ya mtu anayenong'ona kwa kasi chini ya vyuma hivyo. Nikavitoa kama mtu aliyeshika moto. Nikamwuliza, "Baba yako yuko kaburini, nawe wasikiliza haya?" Akanyamaza. Nikaichukua kanda.

Lau ningekomea hapo, lingekuwa kosa dogo, na huenda lisingekuwa kosa hata kidogo. Mzee ana haki ya kulinda nyumba yake. Lakini mimi nilitaka kumtia dawa. Nalikuwa na kanda za mawaidha za sheikh mmoja mashuhuri juu ya mauti na adhabu ya kaburi, na spika mbili kubwa nilizonunua kwa ajili ya maulidi. Nikazifunga ukumbini. Kila usiku baada ya isha nilimketisha kijana yule mbele ya spika, nikafungulia, nami nikakaa kitini pembeni. Nilipoona macho yake yako mbali, niliongeza sauti. Bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa mgonjwa, alituma mtoto kuja kuomba tupunguze. Nikamjibu yule mtoto kwamba maneno ya kheri hayapunguzwi. Nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno, na bibi yule naye amekwisha kufa, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Usiku wa kumi au wa kumi na moja, kijana alisimama, akaziba masikio kwa mikono miwili, akasema, "Ami, nakuomba uzime." Nikamwambia, "Keti usikilize." Akasema, "Nasikia, Ami. Nasikia hata usingizini." Nikamwambia tena aketi. Hakuketi. Alitoka kama alivyo, kwa kikoi na fulana, akashuka mpaka kivukoni, akavuka Likoni kwa shangazi yake, na hakurudi kulala kwangu tena mpaka alipomaliza mitihani yake na kwenda zake Kanada. Sikukuu ya kwanza alikuja akanibusu mkono, nami nikampa fedha za Idi. Watu walisema tumepatana.

Sasa niirudie kanda, maana mwezi ule wa Rajabu nilitaka kujua ni kitu gani hasa nilichokificha sandukuni muda wa miaka yote hiyo. Mjukuu wangu alinisaidia kutafuta, nami nikasoma, kwa kuwa kusoma ndiyo kazi pekee iliyobaki kwangu.

Jina la sahani hiyo ya muziki ni "The Downward Spiral", yaani mzunguko unaoteremka. Ilitoka mwezi wa Machi 1994, ina nyimbo 14, na huchukua muda wa saa moja na dakika kidogo. Kikundi kinaitwa Nine Inch Nails, misumari ya inchi tisa, lakini kwa hakika kikundi hicho wakati ule kilikuwa mtu mmoja, Trent Reznor, aliyezaliwa mwaka 1965 katika jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake waliachana angali mdogo, akalelewa na babu na bibi waliomzaa mama yake, wakamfundishisha piano. Nilipofika hapo niliiweka simu chini kidogo, kwani sikutarajia kumkuta mtoto wa kulelewa.

Aina ya muziki wake huitwa muziki wa viwanda. Asili ya jina hilo ni London, ambako mwaka 1976 watu wa kikundi cha Throbbing Gristle walianzisha kampuni yao ya sahani wakaiita kwa jina la viwanda. Na huko Berlin, tangu mwaka 1980, walikuwako vijana waliopiga mabati, mabomba na mashine za kutobolea mahali pa ngoma. Reznor alichukua makelele yale akayatia ndani ya nyimbo zenye mwanzo na mwisho, watu wakaweza kuyakumbuka. Sahani hiyo ilipotoka iliingia moja kwa moja katika nafasi ya pili ya orodha ya mauzo Marekani, na huko huko zimenunuliwa zaidi ya 3,000,000. Inasimulia habari za mtu mmoja anayejivua kila kitu kimoja baada ya kimoja, dini, watu, mwili wake, mpaka anafika ukingoni mwa kujiua. Mna matusi ndani yake nisiyoweza kuyaandika katika gazeti linaloingia majumbani, na wimbo wa tatu unamkana Mungu waziwazi. Sitaki msomaji adhani kwamba uzee umenilainisha nikaja kumsifia kitu hicho. Mtoto wa miaka 17 asingeachiwa peke yake nacho.

Wala si sisi tu tuliokasirika. Mwaka 1995 William Bennett, aliyekuwa waziri wa elimu wa Marekani, na Bibi C. DeLores Tucker waliiandama kampuni ya Time Warner kwa ajili ya sahani za namna hii, na mwaka ule ule kampuni hiyo ikauza sehemu yake katika kampuni iliyozitoa. Sahani yenyewe ilitengenezwa katika nyumba moja ya Los Angeles ambamo mwaka 1969 watu watano waliuawa, mmoja wao mwigizaji Sharon Tate, naye ana mimba. Reznor aliikodi nyumba hiyo akaigeuza studio. Baadaye alisimulia kwamba alikutana na dada wa marehemu, na dada huyo akamwuliza kama anaufanyia biashara msiba wa ndugu yake. Akasema kwamba alirudi nyumbani akalia. Kwangu mimi swali la mama huyo lapita kampeni zote za mawaziri.

Lakini wako waliosikia jingine. Wimbo wa mwisho wa sahani hiyo, "Hurt", ni wa taratibu, wa mtu aliyekwisha kujiharibu anayejitazama. Mwaka 2002 Johnny Cash, mwimbaji mkongwe wa nyimbo za mashambani za Kimarekani, mtu wa kanisa, mwenye miaka 70 na mgonjwa, aliuimba upya. Neno moja chafu alilibadili akaweka neno la dini yake, mengine aliyaacha. Mke wake alifariki Mei 2003, naye akamfuata Septemba mwaka ule ule. Reznor alipoiona filamu ya wimbo huo alisema ni kama wimbo si wake tena. Maneno aliyoyaandika kijana wa miaka ishirini na kitu yamemkaa mzee anayeaga dunia kama kanzu aliyopimwa.

Basi nikatafuta redio yetu ya zamani, nikatia betri mpya, nikaisikiliza kanda peke yangu, mke wangu yuko kwa mwanawe. Nilizima mara tatu katika upande wa kwanza. Mara ya kwanza niliona aibu. Ya pili kichwa kiliuma. Ya tatu nilikwenda kusali. Kisha nikageuza upande wa pili, na huko nikakutana na jambo nisilolitazamia. Wimbo wa kumi hauna maneno. Hauna makelele pia. Ni sauti laini ya dakika tatu au nne, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kwikwi, nao umewekwa katikati ya zile ghadhabu zote kama kivuli cha mwembe njiani. Lakini katika kanda yangu sauti ile ilikuwa ikiyumba, ikilegea na kukazika. Wenye umri wangu wajua maana yake: utepe umechakaa mahali hapo na hapo tu, kwa kurudishwa nyuma na kupigwa tena, mara nyingi zisizo na idadi. Kwingine kote kanda ilikuwa kama mpya.

Nilikaa sana na jambo hilo. Nami nikamkumbuka Imam Ghazali, ambaye katika Ihya ana kitabu kizima juu ya adabu za kusikiliza, na miongoni mwa aliyoyanakili humo ni kwamba sauti haiutii moyo kisichokuwamo, bali hukitikisa kilichomo. Kwa siku chache niliona maneno hayo yamemaliza shauri: mtoto alikuwa na kilio ndani, na kanda ile ilikitikisa. Nikafurahi, maana yalinipa mimi pia njia ya kutokea. Nalijiambia, kama ni hivyo, basi mawaidha yangu nayo yalitikisa tu kilichokuwamo, nami sina lawama.

Mwezi wa Shaabani mtoto wa ndugu yangu akaja kutoka Toronto pamoja na binti yake, ili wafunge nasi Ramadhani. Sasa ni mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, ni mhandisi. Usiku wa tatu, watu walipokwisha kulala, nikaiweka kanda juu ya meza mbele yake bila ya kusema. Akaichukua, akaigeuza, akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia.

Nikamwambia nimekwisha kuisikiliza, na nimekuta mahali ilipochakaa. Akasema, "Hapo ndipo nilipokuwa nikilia, Ami. Yale makelele ya mbele yalinipigia kelele nilizotaka kupiga mimi nikashindwa. Yakiisha nilikuwa mwepesi, basi ikifika hiyo nalia. Kisha narudisha, nalia tena." Nikamwuliza, "Na yale mawaidha?" Akakaa kimya kitambo. Akasema, "Mimi wa baba yangu niliuona udongo tu. Kila usiku ukanieleza yanayotendeka chini yake."

Ndugu msomaji, katika siku zote nilizokaa kitini pembeni ya spika zile, jambo hilo halikunipitia moyoni hata mara moja. Mimi nalikuwa nikimwonya kijana aliye hai. Yeye alikuwa akimsikia baba yake.

Nikamtajia maneno ya Ghazali. Aliyasikiliza kwa adabu, akasema ni kweli, ila yanamhusu mtu aliyekaa kusikiliza kwa hiari yake. Ndipo akanisimulia habari za magereza, ambazo mimi nalizisikia juu juu miaka ile nisizifuatie.

Mwezi wa Desemba 2008 magazeti ya dunia yalieleza kwamba katika magereza ya Wamarekani ya Guantánamo, Iraki na Afghanistan wafungwa walikuwa wakipigiwa muziki kwa sauti kubwa mno, mchana na usiku, ili wasilale na ili wavunjike. Miongoni mwa muziki uliotajwa ni wa Nine Inch Nails. Mmarekani mmoja, askari wa zamani wa jeshi la wanamaji, aliyezuiliwa siku 97 mwaka 2006 katika kambi karibu na Baghdad, alisema aliusikia sana, na akautaja hasa wimbo wa nne wa sahani hii hii, wimbo wa mbio wenye jina la nguruwe. Angalia, huyo alikuwa mtu wa nchi ile ile na lugha ile ile. Reznor alipopata habari aliandika kwa hasira kwamba ni tusi kubwa kwake, na kwamba atatafuta njia ya sheria; na mwezi wa Oktoba 2009 yeye na waimbaji wengine walijiunga na watu waliodai gereza la Guantánamo lifungwe na habari za matumizi hayo ya muziki zifichuliwe.

"Tangu siku ile nilikaa karibu mwaka siwezi kuisikiliza," akasema. "Wajua ile sauti ya kupigwa, ya mwanzo kabisa? Imetolewa katika filamu, THX 1138, ya mwaka 1971. Ni mtu anayepigwa gerezani." Alinyamaza kidogo, akasema, "Mimi nilikuwa na kitufe, Ami. Nikichoka nazima."

Nilidhani amemaliza, nikasema kwamba basi ubaya uko katika muziki wenyewe, kwa kuwa wale wakubwa wa magereza hawakuchagua ila ulio mkali. Akatikisa kichwa, akanisimulia habari za Mtanzania mmoja, na habari hizi nimezisoma mwenyewe baadaye, maana kesi yake imo katika kumbukumbu za mahakama.

Bwana Salim alikuwa mvuvi. Alikamatwa Mogadishu mwezi wa Machi 2003, akatiwa katika gereza la siri la C.I.A. nchini Afghanistan, lile ambalo ripoti ya Seneti ya Marekani ya Desemba 2014 ililiita kwa jina la COBALT. Waliopita humo waliliita gereza la giza. Wafungwa walifungwa minyororo katika giza tupu, na muziki ukipigwa bila ya kukatika. Aliachiliwa mwaka 2008 akapewa barua kwamba hana hatari yoyote. Mwezi wa Oktoba 2015 yeye na wenzake walishitaki, katika mahakama ya Marekani, wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, James Mitchell na John Jessen, waliobuni taratibu za mateso hayo, na ambao kampuni yao ililipwa dola 81,000,000. Kesi ya Salim dhidi ya Mitchell ilimalizika kwa masikilizano mwezi wa Agosti 2017, wiki chache kabla ya kuanza kusikilizwa.

Na wimbo uliomkaa Bwana Salim katika kumbukumbu haukuwa wa vyuma. Alieleza kwamba ulikuwa "My Love", wa vijana wa Kiayalandi waitwao Westlife, wimbo wa mapenzi, laini, wa kupigwa arusini. Nasi Mombasa tuliuchoka kuusikia katika matatu. Ulichanganywa na muziki mkali ili asiuzoee, naye alipousikia alijua kwamba wanakuja kumchukua. Wala haikulazimu uwe wimbo. Mwaka 1971 huko Ayalandi ya Kaskazini, Waingereza waliwatesa watu 14 kwa njia tano, na mojawapo ilikuwa mvumo mtupu usio na tuni. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikahukumu mwaka 1978 kwamba yale ni matendo yasiyo ya kibinadamu.

Kijana alipomaliza, mimi nalikuwa nimekwisha kufika ninakofika, na sikukupenda. Sisemi kwamba ukumbi wangu ulikuwa gereza. Hakukuwa na mnyororo; mlango ulikuwa wazi, na ndio aliotokea. Nia yangu ilikuwa njema, na maneno yaliyotoka katika spika zile ni maneno ya kweli ambayo mimi mwenyewe nayaamini na nayaogopa. Lakini nimejiuliza, na nauliza tena hapa mbele ya wasomaji wanaolea watoto: aliposimama akaziba masikio, mimi nilitaka nini? Kama nalitaka anufaike, ningezima nikamwuliza linalomuuma. Sikumwuliza. Nilitaka aketi. Usiku ule jambo lilikwisha kuwa baina ya mkono wangu na masikio yake, na yale mawaidha yalikuwa chombo tu mkononi mwangu. Neno la kweli nililigeuza kuwa kitu cha kukimbiwa, na nashukuru kwamba alikimbilia Likoni kwa shangazi yake, akasali huko, asikimbie mbali zaidi. Wako waliokimbia mbali zaidi, kila mtaa wawajua.

Nilimwomba radhi. Si jambo jepesi kwa mtu wa umri wangu kumwomba radhi mtoto aliyemlea, na sikulifanya vizuri. Nilianza kwa kueleza habari za spika, bei yake na mahali nilipozinunua, mpaka akanikatiza. Akasema, "Ami, wewe ndiye uliyenishika mkono ukanipeleka makaburini. Mwingine hakukumbuka." Nalikuwa nimesahau kwamba hilo nalo lina uzito.

Tukakaa. Taa ya ukumbi ilikuwa imezimwa ili wajukuu walale, na mwanga ulikuwa wa dirishani tu, kutoka njiani. Akauliza kama redio ile ya zamani ingali yafanya kazi. Nikamletea. Akatia kanda upande wa pili, akaisogeza mbele, akasikiliza, akairudisha nyuma kidogo kama fundi anayepajua mahali pake, mpaka akaupata ule wimbo wa kumi. Ukaanza kuyumba yumba ukumbini, mbovu kama nilivyousikia mimi. Alisikiliza na kichwa amekiinamisha. Kisha akanyosha mkono akapunguza sauti, akanitazama kuniuliza kama inatosha, au aizime. Nikamwambia aiache hapo hapo.